Baiskeli Moja, Kurasa 212

Watu wa mikoani wakiutaja mji wetu wa Tanga hutaja mkonge, machungwa na lile neno la "waja leo waondoka leo". Baiskeli huisahau. Lakini simama asubuhi kwenye njia panda yoyote ya Ngamiani, pale ambapo mitaa huitwa kwa namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, utaziona zikipita kama siafu: mzee wa kanzu na kofia anayewahi dukani, fundi mwashi na ndoo yake ya vifaa, muuza boflo na sanduku la mbao kwenye keria, mama aliyejifunga kanga mbili na mtoto nyuma. Naam, hata akina mama. Kwetu mwanamke juu ya baiskeli si sinema. Ardhi ni tambarare, na mafuta ya baiskeli ni ugali wa jana.

Nayasema haya, ndugu msomaji, ili usije ukadhani nakuletea habari ya maajabu. Binti wa miaka 23 kupanda baiskeli si ajabu. Kilichokuwa kigeni ni urefu wa njia na sababu ya safari. Nilikuwa naipeleka baiskeli yangu Pangani, kama kilomita 50 kusini ya mji, kwa mtu aliyekwisha kuinunua. Na fedha yake ilikuwa imekwisha kupangiwa kazi: kupiga chapa riwaya yangu.

Riwaya yenyewe ilikuwa kwenye kaunta buku mbili, kwa kalamu ya wino wa buluu, kurasa 212. Shindano moja la miswada lilikuwa limetangaza kwamba halipokei maandishi ya mkono, na mwisho wa kupokea ulikuwa mwisho wa mwezi. Kwenye duka la steshenari la mtaani kwetu wanapiga ukurasa mmoja kwa shilingi 500. Zidisha mwenyewe: shilingi 106,000. Simu yangu ni kitochi, kuandika kwake ni salamu na "nitumie vocha". Na mimi tangu nimalize kidato cha nne kazi yangu ni kusuka watu nywele na kuuza barafu za ukwaju. Barafu ngapi zinatoa laki moja na elfu sita? Nilipiga hesabu usiku mmoja, nikaacha katikati maana niliona zinayeyuka kabla sijafika.

Baiskeli ilikuwa Phoenix ya kike, ile ambayo chuma chake cha juu kimeinamishwa ili mwenye gauni apande bila kuinua mguu. Niliachiwa na shangazi yangu. Yeye alikuwa mkunga, na kwa miaka mingi aliitumia kuwafuata wazazi vijijini, saa nyingine usiku wa manane na tochi mdomoni. Alipostaafu magoti yakawa hayataki tena, akanipa. Nilipokwenda kumwomba ruhusa ya kuiuza nilijiandaa kwa maneno marefu. Alinisikiliza huku anachambua mchele, kisha akasema, "Chuma hicho mwanangu. Mimi nilikifanyia kazi yangu, na wewe kifanyie yako."

Mnunuzi alipatikana kwa njia ya utingo mmoja wa basi dogo la Pangani: baba mmoja alikuwa anatafuta baiskeli ya kike kwa ajili ya binti yake. Bei tulielewana kwa simu, shilingi 120,000. Ningeweza kuipakia juu ya basi. Lakini kupakia ni nauli ya mzigo, na tena nilijiambia: kama tunaachana, basi tuachane kwa heshima.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, mwaka 2023. Niliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nimevaa suruali chini ya dera, mtandio nimeufunga nyuma, begi mgongoni. Ndani ya begi nimetia chupa ya maji, kibati cha solusheni na viraka, na zile kaunta buku mbili. Utaniuliza mswada unakwenda Pangani kufanya nini. Mama yangu anauza karanga, na karanga hufungwa kwa karatasi. Wadogo zangu wakikosa karatasi hawaulizi ya nani. Kurasa za kwanza za hadithi yangu moja ya zamani zilikwisha kuliwa na karanga stendi nzima. Tangu hapo mswada wangu nalala nao na nasafiri nao.

Mji ulikuwa bado unajinyoosha. Vibanda vya chai vilikwisha kuwasha mkaa, na harufu ya vitumbua ilinifuata mpaka nyumba za mwisho. Muuza boflo mmoja tulikwenda sambamba kwa dakika kumi hivi bila kusema neno, minyororo yetu tu ndiyo inazungumza. Alipokata kona akapiga kengele mara moja. Nami nikapiga. Sijui jina lake mpaka leo.

Kuna jambo moja nataka nilieleze hapa, hasa kwa wenzangu tunaojifunza kuandika. Ukiwa ndani ya basi unaiona njia, lakini njia haikuoni. Ukiwa kwa miguu inakuona sana, ila kabla hujafika popote jua limekushinda. Baiskeli iko katikati. Inakwenda mwendo ambao mtu aliyekaa barazani anapata nafasi ya kukuamkia, na wewe unapata nafasi ya kuitikia, na kama ana neno la kuongeza anaongeza kabla hujapotea. "Shikamoo bibi!" "Marahaba, unakwenda wapi na kusi lote hili?" "Pangani!" "Haya, uwasalimie!" Hiyo ni habari nzima. Nilihesabu salamu mpaka arobaini, nikaacha.

Na kusi lilikuwepo kweli. Agosti upepo unatoka huko huko nilikokuwa nakwenda, kwa hiyo nilisukuma pedali kama ninayesukuma mlango uliokaliwa na mtu kwa ndani.

Karibu na Machui mtoto wa kiume wa kama miaka minane alinisimamisha, dumu tupu mkononi.

"Dada, nipakie!"

"Unakwenda wapi?"

"Kisimani. Pale pale mbele."

Pale pale mbele ya mtoto wa kijijini inaweza kuwa kilomita mbili. Nikampakia kwenye keria, dumu akalitundika begani, safari ikaendelea. Kichwa chake kilikuwa kinagonga begi langu.

"Begi lako lina nini? Gumu."

"Kitabu."

"Cha shule?"

"Cha hadithi. Nimekiandika mimi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa uhakika kabisa, "Muongo. Waandishi wamekufa. Mmoja kazikwa kwetu hapa, tulipelekwa kuliona kaburi lake."

Nilicheka mpaka usukani ukayumba. Nikamwambia wengine bado tuko hai. Akaniuliza, "Na wewe ukifa utazikwa hapa hapa?" Nikamjibu kwanza nipige chapa, mengine baadaye. Tukafika kisimani, akaruka chini kabla sijasimama vizuri, akakimbia kuwaambia wenziwe. Sikusikia alichowaambia, ila wote waligeuka wakanitazama miguu, kama wanaotaka kuhakikisha inagusa ardhi.

Aliyemsema mtoto yule ni Shaaban Robert. Alizaliwa huku huku Vibambani, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962 akarudishwa kuzikwa kwao. Nilipita karibu na njia ya kaburini, nikapunguza mwendo, lakini sikuingia; niliogopa jua. Nilimwaza njia nzima ya pale. Sisi shuleni hutajiwa vitabu vyake kwa majina kama vile vilianguka kutoka mbinguni vimekwisha kujalidiwa. Hatuelezwi vya kutosha kwamba mtu huyu maisha yake yote ya kazi alikuwa mtumishi wa ofisini. Alikuwa karani wa forodha, na Pangani nilikokuwa nakwenda ni moja ya vituo vyake. Akahamia idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya, kisha ofisi ya upimaji. Mchana aliandika ya serikali, ya kwake akayatafutia saa. Na si vyote alivyoandika alivishika mkononi vikiwa vitabu. *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* vilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya kuzikwa. Kwa hiyo yule mtoto hakuwa mbali sana na ukweli.

Kufika Tongoni jua lilikuwa limekwisha kuchomoza juu ya mikoko. Hapo nilishuka, kwa sababu kiti kilikuwa kinanidai. Magofu ya Tongoni yako ufukweni: msikiti usio na paa na makaburi kama 40, mengine yana minara ya mawe, ya tangu karne ya 14 na ya 15. Nje ya pwani hii ndipo mwaka 1499 Vasco da Gama alipoichoma moto merikebu yake mwenyewe, São Rafael, maana mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha merikebu zote. Kwenye minara ya makaburi kuna vishimo vya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure kutoka mbali. Bakuli zimekwenda, vishimo vimebaki.

Wanawake wawili waliokuwa wametua mizigo ya kuni walikuwa wamekaa kivulini, wanakula muhogo wa kuchemsha. Wakanikaribisha. Mmoja akaniuliza kama nimekuja kuomba dua au kutazama. Nikasema napita tu. "Basi kula," akasema, "anayepita ndiye anayesikia njaa." Nilikula vipande viwili. Yule wa pili alikuwa anainamisha kichwa kuiangalia baiskeli.

"Inauzwa?"

"Imeuzwa."

"Ah," akasema, kama mtu aliyechelewa msibani. Hakuuliza tena.

Baada ya Tongoni barabara ilibadilika. Kwa miaka mingi njia ya Pangani imekuwa njia ya vumbi, na mwaka ule ilikuwa inajengwa kwa lami. Kwa mpanda baiskeli ujenzi ni adhabu: kokoto hapa, tope la bouza la maji pale, malori ya kifusi yanayokuacha mweupe kama aliyetoka mashine ya kusaga. Kwenye njia panda moja vijana wa bodaboda walikuwa wamejipanga, mmoja wao akapiga mluzi.

"Mrembo! Pangani kwa hiyo baiskeli utafika kesho!"

"Nikirudi kesho kutwa nitakukuta hapo hapo unangoja abiria!"

Wenziwe wakamcheka, wakampigia honi. Nikaenda zangu nimefurahi, maana si kila siku jibu linakuja kwa wakati. Mara nyingi langu huja usiku nimelala. Lakini haikupita robo saa nikasikia pikipiki nyuma yangu. Moyo ukanidunda, sikufichi. Njia pale ilikuwa kimya, kushoto mkonge, kulia mkonge. Ni yule yule aliyepiga mluzi. Akaja ubavuni, akaonyesha kidole chini.

"Dada, gurudumu la nyuma linaisha upepo. Usilipande, utakata tairi. Pale kwenye ule mwembe kuna mzee ana pampu."

Akageuza akarudi alikotoka. Kumbe alinifuata kwa hilo tu.

Ulikuwa mwiba wa mkonge, mweusi, mfupi, umeingia kama msumari. Yule mzee chini ya mwembe alikuwa anasuka kamba ya singa. Hakuwa fundi, pampu ilikuwa ya mjukuu wake. Tukaipindua baiskeli pamoja, magurudumu juu. Nikatoa kibati changu, yeye akashika tyubu, akaisikiliza kwa kuiweka shavuni mpaka akakisikia kitundu. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo mengi, mistari mistari, kama daftari.

Sasa nikuambie siri ya mswada wangu. Riwaya ile ni ya binti ambaye baba yake ni mkata mkonge. Sura zote nilikuwa nimeziandika isipokuwa ya sita, ambayo ilikuwa na kichwa tu: "Asubuhi ya Baba". Niliiacha hivyo makusudi. Nimezaliwa mjini, mkonge nimeuona kwa dirisha la basi, na sikutaka kumwandika mtu akifanya kazi ambayo siijui. Nilijiambia nitaijaza nitakapompata wa kunieleza. Miezi minane ilikuwa imepita. Na leo huyu hapa, ameshika tyubu yangu.

"Babu, wewe umekata mkonge?"

"Miaka thelathini na moja."

"Nieleze asubuhi yake."

Akanitazama. "Asubuhi yake ya nini?"

"Ya kuandika."

Hakucheka. Alipaka solusheni, akaipuliza ikauke, akaanza. Unaamka saa tisa usiku ili saa kumi na moja uwe kwenye mstari wako, kwa sababu jua likipanda mkonge unakushinda. Unafunga matambara miguuni na mikononi, maana maji ya mkonge yanawasha kama upupu. Unaanza na majani ya chini, unazunguka mti. Jani likianguka unakata ncha yake kwanza, ule mwiba, kabla haujakukata wewe. Majani 30 ni fungu moja. Fungu unalibeba kwa kichwa mpaka kwenye njia ya gari. Ukimaliza kazi uliyopangiwa mapema unakwenda shambani kwako. Usipomaliza, siku hiyo umeitoa sadaka.

"Na usikate yote," akasema. "Ya katikati unayaacha. Nyapara akikuona umeyagusa huna siku. Ukiyamaliza umeua mti. Mkonge ukiachiwa unaendelea kukupa miaka, halafu siku moja unatoa mlingoti mrefu, unachanua mara moja tu, basi. Hufa. Lakini ule mlingoti unamwaga vichipukizi vyake chini."

"Mlikuwa mnaongea mkikata?"

"Na nani? Kila mtu na mstari wake. Unasikia visu tu. Kisu cha mwenzako kikinyamaza unajua kajikata, au kakaa chini anawaza kwao."

Niliyaandika yote nyuma ya jalada, na jalada lilipojaa nikaandika kwenye mkono. Alikataa fedha. Akasema kama nitalipa, nimwandikie jina la baba yake mahali popote ndani ya kitabu, maana alikuja na malori ya manamba akiwa kijana, akafia huku, na kwao hakuna aliyejua. Akanitajia jina. Limo katika sura ya sita. Ni la mtu anayenyamazisha kisu chake akakaa chini.

Huo mkonge wenyewe si wa kwetu kwa asili. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, vikafia njiani. Vilivyofika vizima vilikuwa 62. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwa hivyo 62 ndiyo likatoka bahari ya mkonge niliyokuwa naipasua asubuhi ile, mpaka Tanganyika ikawa ya kwanza duniani, mpaka mwaka 1964 zikatoka tani kama 230,000, kisha kamba za nailoni zikaja na mambo yakaporomoka. Hesabu ile ya 62 kati ya 1,000 niiweke hapa, nitaihitaji mbele.

Kigombe nilifika saa tatu na nusu, njaa imenikaba. Kijiji cha wavuvi hukijua kwa pua kabla ya macho. Mashua zilikuwa zimeingia, pweza wananing'inia, mafuta yanachemka kwenye makarai. Nikanunua samaki na muhogo kwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo. Nilipokuwa nanawa akaniuliza niendako, na nilipomtajia Pangani akafunga vipande vinne vya nguru kwenye gazeti, akaviweka kwenye keria yangu bila kuniomba.

"Ukifika Boza uliza nyumba ya mwanangu, amejifungua juzi. Mpe. Mwambie asiache kunywa uji."

"Mama, hunijui hata jina."

"Nilijue la nini? Nakwambia umpelekee samaki, sikuozi."

Watu wakacheka. Nikawapeleka wale samaki. Yule binti mzazi alikuwa kitandani mlango wazi, mtoto amelala kama ngumi ndogo. Alipopokea gazeti alilinusa kwanza akajua limetoka kwa nani. Nilipewa dafu. Nikatoka pale nimemkumbuka shangazi, na nikaona kwamba baiskeli hii imefika mlango kama huu mara nyingi kabla sijazaliwa, na kwamba mara hii ya mwisho imekuja kazini, haikuja kuuzwa tu.

Pangani ilinipokea saa tano na nusu. Ni mji mdogo uliolala kando ya mto, nyumba kuukuu za mawe, milango ya nakshi iliyochakaa, minazi ng'ambo ya pili, kivuko kikienda na kurudi. Hapa ndipo mwaka 1888 wenyeji walipowakatalia Wajerumani, na hapa ndipo kiongozi wao Bushiri bin Salim aliponyongwa mwezi Desemba mwaka 1889. Asiyejua anaona nazi na uvivu wa adhuhuri tu.

Mnunuzi alikuwa baba mpole, mpakia nazi, anayejibu kila kitu kwa "sawa". Mwenye maneno alikuwa binti yake, wa kidato cha kwanza. Shule ilikuwa mbali na nyumbani, anatembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Aliipindua baiskeli mwenyewe, akazungusha gurudumu, akasogeza jicho kuona kama rimu inacheza. Akabana breki. Akavuta mnyororo kwa kidole. Akapiga kengele mara tatu, ya tatu kwa raha yake.

"Hapa ilikwanguka vipi?"

"Shangazi yangu alianguka nayo usiku, anamwahi mzazi."

"Alimwahi?"

"Alimwahi."

Akapangusa ile sehemu kwa upindo wa kanga. "Wewe unaiuza kwa nini?"

Nikamweleza: kitabu, kurasa, shilingi 500. Alisikiliza kwa makini, nikadhani ataniuliza kama nitakuwa tajiri, kwa sababu kila mtu huniuliza hivyo. Akasema:

"Inaishaje?"

"Ukurasa mmoja shilingi mia tano, jumla..."

"Siyo fedha. Hadithi. Inaishaje?"

Katika miaka miwili ya kuiandika hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia imebaki sura moja katikati, na mwisho hauwezi kusemwa kabla ya sura hiyo. Akaniambia nisimwambie basi. Baba yake akanihesabia fedha, noti za elfu kumi kumi, kumi na mbili. Binti akapanda. Alikuwa mfupi, vidole tu ndivyo vinafika kwenye pedali. Akazunguka uwanja mara mbili, kisha akatokomea uchochoroni huku anapiga kengele, na baba akasema, "Sawa."

Nilirudi kwa basi dogo. Utingo akaniuliza kama nina mzigo, nikasema sina, begi tu. Akataka kulitupa juu na magunia, nikalikumbatia. Nilikaa dirishani. Boza ikapita, Kigombe ikapita, ule mwembe ukapita na sikuona kama babu yupo. Nilifungua daftari juu ya magoti nikaanza sura ya sita, mwandiko unaruka kila basi lilipopiga shimo, na mpaka tunaingia Tanga nilikuwa na kurasa tatu. Zilipokamilika zilikuwa saba. Mswada ukawa kurasa 219, steshenari wakadai 109,500, na kilichobaki mama alinunulia gunia dogo la karanga. Na karatasi zake mwenyewe, alisisitiza.

Tulipeleka kwa wakati. Haukushinda. Barua ya kushindwa haiji. Unasoma majina ya walioshinda, la kwako halimo, unarudia kusoma. Nililala siku mbili. Ya tatu wateja wa kusuka walikuja, nikaamka. Tangu hapo nakwenda kwa miguu, na katika riwaya ya pili niliyoianza watu wengi wanatembea kwa miguu pia. Nikikata tamaa najikumbusha vile vichipukizi vya Kikogwe. Elfu moja vilipakiwa; 62 vikafika. Hakuna aliyeviuliza vile 938 kwa nini vilijisumbua kupanda meli.

Miezi miwili baada ya safari ile, yule utingo alinifuata nyumbani na salamu kutoka Pangani. Binti anasema kengele imekufa lakini mengine yote mazima, na anauliza: ile sura ya katikati imepatikana? Nilikwenda steshenari nikatoa nakala ya kurasa saba, nikazitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na kengele mpya, nikamkabidhi utingo na elfu moja yake ya kupeleka. Nilimwambia asikunje.

Jumamosi iliyofuata alirudi na jibu kwenye kipande cha daftari. Aliandika kwamba babake ameisoma naye, na amesema si "sawa" safari hii. Amesema, "Hivi ndivyo." Na chini kabisa, kwa mwandiko wa kubana: leta ya saba.